Mkeka wa Pima Sitini na Nne

Chakachaka ya ukindu iliniamsha kabla sijafumbua macho. Bibi alikwisha kaa uani, anasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kando kwa kando mpaka uwe mkeka.

Dada yangu alikuwa anaolewa Ijumaa, mtaa wa Mtendeni, na Bibi alikuwa amewaahidi wakwe mkeka wa sebuleni: mara mbili ya ule wetu wa kulalia, kwa urefu na kwa upana. Wetu ulikula pima kumi na sita za ukili. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapo Ng'ambo, msichana niliyedhani Ujamaa wote umo katika chaki yangu. Nilimwambia bila kusita, "Thelathini na mbili, Bibi. Zinatosha."

Jumatatu tukamaliza kushona, tukautandaza. Urefu ulikuwa ule tulioutaka. Upana ulikuwa uleule wa mkeka wa zamani.

"Mwalimu," Bibi akasema, "huu ataulalia chatu?"

Nilicheka huku machozi yakinilenga, maana Bibi hakuwahi kuahidi asitimize. Nikachora mchangani ukubwa alioahidi, nikalaza ndani yake mkeka wetu mdogo. Ukaingia mara mbili kwa urefu. Ubavuni ikabaki nafasi ya mingine miwili.

"Mara nne, Bibi! Pima sitini na nne!"

"Basi bado nusu. Na Ijumaa haisogei."

Jioni nikalipeleka kosa langu darasani. Wanafunzi wangu, akina mama wanane, walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

"Shikamoo, mwalimu!" akanitania yule mkubwa wao. "Mimi nimekuzidi umri mara mbili. Akili sasa nimekuzidi mara ngapi?"

"Nne, mama."

"Ameelewa! Haya, kila mtu pima nne."

Siku tatu darasa likawa uani kwetu. Vidole vilisuka, midomo ikaimba Kinyamwezi, nami nikawa mwenye furaha kuliko bibi harusi.

Alhamisi alasiri tulishona ukingo wa mwisho. Bibi alivua ndara, akautembea mkeka pembe hadi pembe. Kisha akauviringisha, akajitwika mwenyewe kichwani.

"Nikusindikize Mtendeni, Bibi?"

"Baki. Wanafunzi wako wana maswali."

Akapita mlangoni kwa ubavu, akaufunga mlango nyuma yake.