Siku Bodi Ilipoungua

Usiku ule Fundi Makame aliponijia, hakunisalimu. Alitaka kwanza nimtajie wote waliokuwepo siku bodi ya umeme ya mashine ya kufulia ilipoungua. Ndivyo alivyoanza kila kazi enzi za uhai wake: kabla ya kushika bisibisi au mita ya kupimia umeme, aliuliza mashine ilipoharibika nani alikuwepo.

"Mama Zuhura, mwenye mashine," nikasema. "Na mdogo wangu Shabani."

"Na nani?"

"Basi, fundi."

"Kwa hiyo mashine ilifunguka yenyewe?"

"Na mimi."

Tulikuwa kibandani kwake, nyuma ya soko, ingawa kibanda kile siku hizi kinauza chipsi. Amekaa kwenye kigoda chake, miguu pekupeku, haijashika vumbi. Najitazama na mimi nimevaa sare ya kidato cha pili, ile niliyoivua muhula mama alipomfuata baba kaburini. Shabani alikuwa na miaka saba. Fundi Makame ndiye aliyenipa kazi, na mkasi, na vibunda vya nyuzi za rangi.

Nyuzi hizo ndizo zilikuwa shule yangu ya pili. Plagi za nyaya zinazoingia kwenye bodi hufanana, na ukizibadilisha nafasi, bodi inaungua. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa, unafunga uzi mwekundu kwenye waya na kuweka alama nyekundu pale waya huo ulipochomekwa. Kisha bluu kwa bluu. Fundi hakumruhusu mtu kutegemea kichwa.

"Siku hiyo ulifunga nyuzi?" ananiuliza.

Kibanda hakipo tena. Tumesimama uani kwa Mama Zuhura, kwenye nyumba yake ya wageni, mashuka machafu yamejaa beseni, naye anasema kama alivyosema: "Wewe binti, wageni wangu walalie magunia?" Nilikuwa na haraka. Nilirudisha plagi kwa kukumbuka tu, nikamwambia Shabani awashe. Akabonyeza. Harufu ya kuungua ikatoka, nami nikageuka mbele ya watu:

"Umefanya nini wewe?"

"Dada, nimebonyeza tu."

"Mikono yako ya kuharibu!"

Mtaa mzima ukajua Shabani ndiye aliyeunguza bodi. Nilijua ukweli jioni ileile, nilipoifungua tena peke yangu nikakuta nimebadilisha nafasi za plagi mbili, nikanyamaza. Mwezi haukuisha akabeba begi lake kwenda Makambako. Masika mawili yamepita.

Mashine sasa iko mbele yetu, taa yake inawaka na kuzima. Mara nne, inatulia. Mara nne tena.

"Inasema nini?" anauliza Fundi Makame.

"Inataja hitilafu yake."

"Mashine ikiharibika inasema yenyewe. Wewe?"

Ndani ya kioo cha mlango nguo zinazunguka bila maji. Ni mashati ya Shabani ya shule ya msingi, yale niliyokuwa nikiyafua kwa mkono. Navuta mlango, haufunguki. Ninapomgeukia fundi anisaidie, ameshafika mbali, anatembea taratibu kama mtu anayerudi kwake.

"Fundi, ningojee!"

Anasimama, hageuki.

"Usimngoje Shabani aje kwako kwa njia niliyojia mimi."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, chumba kimetulia, sahani moja juu ya meza. Nikapiga simu kabla sijanawa uso, nikiogopa ujasiri utaniishia.

"Dada." Sauti yake imekuwa nzito. Nyuma yake mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma. "Kuna msiba?"

"Hapana."

"Mbona asubuhi hivi?"

"Shabani, siku ile kwa Mama Zuhura..."

Nikasikia anasogea mbali na kelele ili asikie vizuri.

"Ehe, dada. Nakusikiliza."

"Huko kuna baridi?"

"Ipo."

"Vaa sweta."

"Navaa," akasema. Akangoja kidogo. Kisha mtu akamwita, akaniaga, akakata.

Nimekaa kitandani na simu mkononi. Maneno yenyewe ni matatu tu, "ni mimi niliyeunguza", na deni hilo bado sijamlipa.