Stinji wa Mama Levina

Mwaka wa mvua za Elnino, mto Kilombero ulifurika ukalala juu ya mashamba ya kijiji cha Mchombe. Mpunga ulioota ukaoza majini, na vihenge vingi vya kuhifadhia nafaka vikaenda na mkondo. Cha Levina kilibaki. Marehemu mumewe, Donati, alikijenga juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, na enzi hizo watu walimcheka kwamba anawajengea mchwa ghorofa.

Ndani kulikuwa na mbegu tu. Levina mwenyewe alikuwa akilalia matembele matupu. Watu walipokuja na mabakuli aliwajibu neno lile lile: "Mbegu haipikwi. Maji yakishuka, kila nyumba itapata ya kupanda." Wakaondoka wakimwita mkono wa birika. Iliuma, lakini uchoyo ni tusi la nyumbani. Alijua linaanzia wapi na linaishia wapi.

Kisha Stumai, jirani yake, akafiwa na mtoto kwa homa. Msibani kila mtu alitoa alichojaliwa, na Levina akaleta mzigo wa kuni. Wanaume mkekani wakazitazama zile kuni. Mwalimu Osward, kijana mgeni pale shuleni, alitaka kusema mchoyo, ila akaona Levina, mama mtu mzima, yuko karibu, akaingiwa na haya. Basi akalificha neno kwenye Kiingereza.

"Mama huyu ni stinji," akasema.

Adabu gani hii, kumtukana mtu kwa lugha asiyoijua! Na hakuna aliyeuliza maana, kwani nani anapenda kuonekana mshamba? Msibani neno lilikuwa "ni stinji." Lilipofika kwenye pampu ya maji likawa "ana stinji." Na mtu akishakuwa na kitu, lazima akiweke mahali. Haikuchukua muda Levina akawa "anafuga stinji," na stinji huyo alilala kihengeni, ndiye aliyefukuza maji, ndiye aliyemla mtoto wa Stumai. Lisemwalo lipo, wakaambiana. Stumai akaanza kupita mlangoni kwa Levina bila hata shikamoo.

Levina akamfuata Osward. "Mwanangu, neno umelileta wewe. Liondoe."

"Nitawaambia, mama."

Akawaambia kweli, tusimdhulumu. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Kelestini, alipoita mkutano, Osward alisimama. "Jamani, stinji ni mchoyo tu. Hamna kingine."

"Mwalimu," Kelestini akamjibu, "mchoyo tunamjua, na Kiswahili unakijua. Kama ni mchoyo tu, siku ile kwa nini hukusema mchoyo?"

Osward angesema tu kwamba aliona haya, na mambo yangeisha. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, naye akaketi. Woga mtupu, wala sitamtafutia jina lingine.

Ulimi huponza kichwa. Ulimi ulikuwa wa Osward, kichwa kikawa cha Levina. Aliletwa mganga wa kunyoa wachawi nywele ili uchawi uwatoke, akamnyoa mbele ya watu kwa wembe butu, akampaka dawa kwenye michubuko. Kisha vijana wakakibomoa kihenge wamtafute stinji. Wakaimwaga mbegu yote juu ya turubai, wakaipekua kwa fimbo kwa kuogopa kuigusa. Hawakuona kitu. Ulikuwa mpunga tu, mkavu, mzuri.

Halafu mtu mmoja akasema kwamba kwa kuwa mganga ameshasafisha, sasa mpunga hauna madhara. Vinu vikatolewa nje. Levina akajitupa juu ya turubai akilia, "Ni ya kupanda! Jamani, ni ya kupanda!" Wakamwinua taratibu kama mgonjwa, wakamkalisha pembeni.

Jioni ile Mchombe ilinukia wali, mara ya kwanza tangu mafuriko. Stumai akamletea Levina sahani, akaiweka mapajani pake. Hasira zilikuwa zimemwisha.

"Kula, mama," akasema. "Imekwisha yote. Hakuna tena cha kuonea choyo."

Levina akautazama ule wali wa mwaka ujao. Alikuwa na njaa kuliko wote pale. Akala.