Mstari Mrefu wa Maître Apollinaire

Kiti cha mwenyekiti wetu kilibaki wazi tangu Papa Ladislas apate ndege ya Kanada na familia yake, na kabla baridi ya huko haijamzoea, watu tisa walikuwa wamejitokeza kukitaka. Tisa, kwa kiti cha plastiki. Mwenyekiti wa umoja wetu wa wakimbizi hapa Durban halipwi na simu yake hailali. Huyu kakamatwa na polisi, yule katolewa vitu nje na mwenye nyumba, mwingine mtoto wake kakataliwa shule. Lakini kwenye msiba au mbele ya diwani yeye ndiye anayetangulia kusema, na watu waliokuwa na majina kwao wanakufa kwa hamu ya kutangulia kusema. Watu wa Fizi walimleta wa kwao, wa Uvira wa kwao, Warundi wakaleta wawili waliokuwa hawasalimiani, kanisa la Pasta Fabien likamleta Pasta Fabien, na watatu wengine wakaletwa na jamaa zao. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Wa tisa alikuwa Maître Apollinaire, na huyo hakuletwa na mtu. Alijileta mwenyewe, na mimi nilimpendea hilo.

Kwao Bukavu alikuwa wakili kweli, wa joho na mahakama, si hawa wanaojiita maître kwa sababu wana mdomo. Hapa sheria ni nyingine na karatasi ya mkimbizi haikufungulii mlango wa mahakama, kwa hiyo analinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Umbilo. Anavaa kizibao cha kung'aa na kuwaonyesha madereva mikono: njoo, njoo, simama. Ndani ya kizibao huwa na shati la kola, limefungwa vifungo mpaka kooni, hata Desemba ambapo sisi wengine tunatamani kuvua ngozi.

Mimi nina saluni yangu mjini, West Street. Jina la barabara lilishabadilishwa zamani, lakini muulize mtu yeyote kama analitumia jipya. Siku zake za kupumzika Maître alikuja kukaa pale kwenye kiti chenye draya iliyokufa, na watu wakamletea matatizo yao. Mwanamke mwenye nywele zilizosukwa upande mmoja anaelezwa la kumjibu mwenye nyumba, huku mimi navuta upande wa pili. Hakuchukua kitu kwa mtu. Nami nilipata wateja kwa ajili yake, sitakana.

Sikuwahi kumwona akicheka sana wala akikasirika. Siku moja nilimuuliza kama ana moyo au ana jiwe. Akafikiri, maana yeye hata utani huufikiria, akasema ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaujua ni wako, unauona, ila ukiuita hauitiki. Alisema ganzi ile imemkaa tangu mwaka wa pili hapa, na kwamba haiumi. Nikamwambia hilo ndilo baya lake. Akasema labda.

Wenzake walipokuwa wakiahidi ofisi na basi la umoja, yeye alipita na neno moja tu, kutoka makanisa ya Cato Manor mpaka ya mjini. Alisema juu ya misiba. Kila mtu wetu anajua hali hiyo. Mzazi anakufa nyumbani nawe huwezi kwenda kumzika, maana ukirudi katika nchi uliyoikimbia umeichana karatasi yako mwenyewe. Unasikia mazishi kwa simu. Na wengi wetu tulikuwa tumeanza kuficha. Mtu anafiwa usiku, asubuhi yuko kazini anauza chaja, kwa sababu akikaa nyumbani kazi itachukuliwa na mwingine. Maître alisimama akasema hiyo si sisi. Habari ikifika itangazwe siku hiyo hiyo, mfiwa aketi chini, na sisi tuketi naye. Mtu asilie peke yake. Alisema kwa sauti ile ile ya kuelekeza magari, na bado watu walitokwa na machozi.

Nilimuuliza anakitakia nini kiti hicho. Nilitegemea aseme heshima. Akaniambia habari za mama yake, aliyebaki Bukavu, mtaa wa Kadutu. Mama alidhani mwanawe ni wakili Durban. Kila Jumapili baada ya misa walipigiana simu, na mama aliuliza juu ya kesi zake, naye alimtungia kesi. Kesi nyingi alishinda, chache alishindwa ili mama asishuku.

"Nikipata kiti," akasema, "nitamupigia nimwambie kitu cha kweli."

Uso haukubadilika. Mimi ndiye niliyesahau nilichokuwa nikifanya, kichana kikabaki hewani.

Ijumaa ile, siku mbili kabla ya kura, simu yake ililia akiwa kazini. Haya nilielezwa na Jeancy, mwenzake wa magari. Kulikuwa na gari linarudi nyuma. Maître alibana simu kwa bega na kusikiliza, na mikono yake ikaendelea kufanya kazi: njoo, njoo, simama. Akasema, sawa. Akasema, asante kwa kunijulisha. Akatia simu mfukoni, akamwinamia dereva, akaenda kwenye gari linalofuata. Jeancy alimuuliza kuna nini, akajibiwa ni watu wa nyumbani tu. Walifanya kazi mpaka jioni.

Sasa, wakili huyu mwenye kichwa kizuri alisahau jambo ambalo hata mtoto wa Kadutu asingelisahau. Mdogo wake alikuwa ameshaiweka picha ya mama, na mishumaa pembeni, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wao, na watu wa mtaa ule wametapakaa dunia nzima. Kabla ya saa sita mchana picha ilikuwa saluni kwangu. Mteja aligeuza simu yake akanionyesha, nami nikaketi kwenye kiti chake Maître, chini ya draya iliyokufa.

Tukamngoja atangaze. Nilikuwa nimeshatenga sufuria kubwa na unga. Lakini Mama Henriette, ambaye ndiye mkubwa wetu sisi wanawake na anayesimamia kila uchaguzi kwa kuwa hakuna anayethubutu kumkatiza, alituzuia kwenda. Mtu hapewi pole kabla hajafungua kinywa chake mwenyewe. Ukimtangulia ni kama wewe ndiye umemuua marehemu. Tungoje, akasema, atasema tu, yeye ndiye aliyetufundisha.

Hakusema. Na sote tulijua sababu. Kwetu mfiwa hawanii kitu. Anaketi chini mpaka matanga yaishe, na aliyeketi chini hawezi kubeba watu. Angetangaza, watu wanane wangebaki kugombea na yeye angebaki na mkeka.

Jumamosi mama alizikwa Bukavu. Saa hizo hizo mwanawe aliingia saluni kwangu, shati limepigwa pasi, akaomba nimpunguze nywele kwa ajili ya kesho. Kwetu aliyefiwa na mzazi hunyolewa kichwa chote baada ya mazishi, nami nimeshika mashine mkononi. Nikaamua kumfungulia mlango wa kusema.

"Maître, nyumbani iko salama?"

"Iko salama, Mama Mireille. Upunguze kidogo tu kwa pembeni."

Nikapunguza kidogo kwa pembeni. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, na nusura nimkate sikio. Alipoondoka nilifagia zile nywele, nikajikuta nalia juu ya fagio, kwa ajili ya bibi ambaye sikuwahi kumwona. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu hata kujigusa alikataa.

Jumapili ukumbi wa kanisa pale Umbilo ulijaa mpaka mlangoni. Sisi hatupigi kura kwa karatasi. Mwaka mmoja tulijaribu, tukaishia kugombania miandiko mpaka polisi wakaja. Siku hizi wagombea wanasimama mbele wametazama ukuta, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Wanatazama ukuta ili wasione nani amehama, kinyongo kisianze. Halafu wanageuka, Mama Henriette anahesabu, tunakwenda kula.

Kabla ya kugeukia ukuta, kila mgombea huulizwa swali moja la desturi mbele ya watu wote. Mama Henriette alianza na Pasta Fabien, akaja kwa wale Warundi wawili, akaendelea. Kwako iko salama? Iko salama, mama. Kwako? Salama, mama. Alipofika kwa Maître Apollinaire hata watoto waliokuwa wanapigana kwa ajili ya biskuti waliacha.

"Maître, kwako iko salama?"

"Iko salama, mama."

Akamtazama. Sijawahi kumwona Mama Henriette akimuuliza mtu mara mbili. Siku ile aliuliza.

"Mwanangu. Kwako iko salama?"

"Iko salama."

"Basi," akasema Mama Henriette. "Mugeuke."

Wakageuka. Watu wakaanza kutembea, wa Fizi kwa wa Fizi, wa Uvira kwa wa Uvira. Mimi nilikuwa nimeamua kitambo kumpa kura yangu, lakini miguu ilikataa. Mtu aliyeshindwa kumlilia mama yake atanililia mimi? Na kwenda nyuma ya mwingine pia sikuweza. Nikasimama katikati ya ukumbi kama mjinga. Halafu nikavua viatu nikaviacha pale pale, nikaenda nyuma yake, nikafumbata mikono tumboni na kuinamisha kichwa, kama tunavyosimama mlangoni pa msiba.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Jeancy, peku. Kisha watu wa Bukavu, kisha mama mmoja wa Fizi aliyemwacha mgombea wao na kuja, kisha wengi. Hatukupanga, naapa. Viatu vilibaki vimetawanyika sakafuni, na mstari ukaenda mpaka mlangoni, ukatoka nje, ukafuata ukuta wa barabara. Nyuma ya wale wengine walibaki wake zao na jamaa wachache.

Mama Henriette akawaambia wageuke.

Maître aligeuka akauona mstari. Uso ule ambao haubadiliki ulijaribu kufanya kitu, na nadhani kilikuwa tabasamu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikainama, sikusema neno. Ndivyo inavyofanywa, mkono hutangulia, na pole hutolewa mfiwa akishaketi chini.

"Asante, Mama Mireille," akasema. "Sitawaangusha."

Nikapita. Jeancy akamshika mkono, akainama. Maître akamshukuru kwa kumwamini. Akamwahidi yule mama wa Fizi kwamba hatasahau siku hii. Alikuwa anatoa hotuba ya ushindi kidogo kidogo, mtu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemsahihisha, maana mfiwa hasahihishwi. Niliona aibu kwa niaba yake mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote.

Sijui ni wa ngapi alipoacha kushukuru. Labda alingoja vigelegele akaona haviji. Niliona macho yake yakishuka kwenye miguu ya watu, yakifuata miguu peku mpaka mlangoni.

Mama Henriette alifungua kitenge chake cha juu kiunoni, akakitandika kwenye saruji mbele ya miguu ya Maître.

"Ikala, mwanangu," akasema.

Alikitazama kile kitenge. Kisha akavua viatu, akavipanga pamoja kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akaketi. Sisi nasi tukaketi chini kumzunguka, na sasa tukampa pole. Pasta Fabien aliketi pia, akavuta suti yake isikunjike, kisha akaiacha ikunjike. Mstari wa Maître haukuhesabiwa. Katika waliobaki Pasta ndiye aliyekuwa na watu zaidi, kwa hiyo akawa mwenyekiti, na hakuna aliyempigia makofi.

"Mulijua," akasema Maître.

Nikamwambia tulijua tangu Ijumaa.

Akatikisa kichwa taratibu, kama wakili anayepokea hukumu aliyoitegemea. Macho yalikuwa makavu. Alisema alijua mama amekufa, tusidhani amechanganyikiwa. Lakini leo ni Jumapili. Alikuwa amejiambia kwamba kura ikiisha atapiga tu ile namba, iite hata bila kupokelewa.

"Kila Jumapili nilimupatia kesi ya uongo," akasema. "Leo nilitaka niwe na moja ya kweli. Hata kama hayuko."

Mama Henriette aliweka mkono juu ya goti lake na kuuacha hapo.

Maître akanigeukia mimi.

"Jana, wakati ulinikata nywele. Ulijua?"

"Nilijua, Maître."

"Basi umalize."

Mashine ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimeitia asubuhi, wala sikumwambia mtu. Jeancy alivuta waya mpaka kwenye umeme pembeni ya altare, nami nikapiga magoti nyuma ya Maître, nikamfungua kifungo cha juu cha shati, nikaanza mbele, juu ya paji, nikaenda nyuma polepole. Nywele zilianguka begani na kwenye kitenge cha Mama Henriette. Hakutingishika. Nilipofika kisogoni ndipo mabega yake yalipoanza kutetemeka, nami nikazima mashine, nikangoja.