Daftari Nililolijaza kwa Kukisia

Mwanangu, kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka hushusha pumzi na kumshukuru Mungu. Nilikuwa kijana, nikiangalia mtambo wa kunasa chembe hapa Kimaka, Jinja. Mwenzake ulikuwa Nabuyonga, Mbale, kwa mkuu wangu, Mwalimu Nambozo. Tulitafuta mashimo meusi madogo mno, madogo kuliko vumbi lakini mazito kama mlima, yaliyozaliwa ulimwengu ulipoanza. Wataalamu wanadhani huenda ndiyo ile maada ya giza ambayo hakuna aliyeiona. Shimo la namna hiyo likipita, mitambo yote miwili ingelia karibu pamoja.

Sheria ya kazi ilikuwa moja tu: kila saa andika daftarini kama umeme upo au umekatika, kwa sababu ukirudi kwa nguvu huudanganya mtambo ukalia bure. Siku hiyo mimi nikatoroka kwenda Masese kununua samaki. Niliporudi nikajaza nafasi zote mbili zilizokuwa wazi: "Umeme upo." Nilikisia.

Kumbe katika saa hizo mitambo yote ililia. Kule Mbale umeme ulikuwa ndio kwanza umerudi, lakini daftari langu lilisema Jinja haukukatika. Mwalimu akaamini kwamba mlio wa Jinja haukutokana na umeme, kwamba shimo limepita kweli. Akaja Jinja na barua ya kuwatangazia wataalamu wa nchi nyingine, ameshaitia sahihi. Sijapata kumwona na furaha vile. Heshima yake yote ilikuwa imekalia uongo wangu, nami natabasamu tu kama mjinga.

Kabla ya kuituma akaniuliza, "Afande," ndivyo alivyonitania kwa kuwa baba alikuwa mwanajeshi, "umeme ulikuwapo kweli?"

"Mwalimu, mimi sijui. Mimi nilikuwa Masese."

Akaichana barua.

"Afadhali umesema leo," akasema. "Kesho mimi ningeaibika dunia nzima. Sasa chukua kalamu, andika hapo: sijui."

Niliandika huku nalia, lakini moyo ulikuwa mwepesi ajabu.

Mashimo hayo bado hayajaonekana, na sasa wewe ndiye unayekwenda kukaa na mtambo. Usione haya kuacha pengo, mwanangu. Ukitoka, andika umetoka. Usipojua, andika hujui, na ukishakosea, sema kabla barua haijaondoka. Mungu akulinde, akupe wakubwa wanaouliza mara ya pili, na akupe ulimi wa kuwajibu kweli.