Kitambaa Juu ya Paa

Mama mkwe wake alimwita Fundi Upepo, wala hakuwa anamsifu. Alikuwa na wakwe watatu: mmoja mwashi, mmoja dereva, na huyu aliyelipwa mshahara kupima hewa. "Hewa!" alimwambia binti yake. "Si ndiyo hii hii? Akishaipima anaipeleka wapi?"

Hata hivyo alikubali mashine ikae juu ya paa lake, kando ya kamba ya nguo. Jirani alikuwa ameshakataa, naye hakupenda kufananishwa na jirani. Lilikuwa sanduku la bati lenye bomba juu, likivuta hewa usiku na mchana ili kuhesabu chembe za vumbi na za moshi wa magari, zisizoonekana kwa macho.

Takwimu zikaanza kufika ofisini, nzuri mno. Malori yalipita chini ya paa lile kutwa kucha, lakini kwa mujibu wa mashine wakazi walivuta hewa safi kama ya kileleni mwa mlima. Mkubwa wa ofisi akamwita Fundi Upepo.

"Unapika namba?"

Akaapa kwamba hapiki.

"Basi niletee sababu leo hii, au usirudi."

Alipanda ngazi roho mkononi. Akaikuta mashine imevalishwa kitambaa cheupe cha meza, chenye maua pembeni, kimekazwa kwa kamba.

"Mama, nani kaifunika?"

"Mimi. Kitu cha watu, kiingie vumbi? Tena afadhali umekuja. Mashine yako haina adabu. Kila nikifua kitambaa, inanitemea masizi."

Akakifungua amwonyeshe. Pale penye mdomo wa bomba palikuwa na duara jeusi tii.

Kumwambia mama mkwe amekosea ni somo ambalo hakufundishwa chuoni. Akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Haitemi, Mama. Inavuta."

Mama akalitazama duara, kisha malori kule chini.

"Na sisi tunaolala hapa?"

"Mnavuta hayo hayo. Na ofisini wanasema nadanganya. Wananifukuza."

Mama aliogopa, na hakuficha. Alijishika kifua. Halafu akakikunja kitambaa, akatafuta viatu vyake vya kutokea.

"Nitawaeleza mwenyewe, Mama."

"Wewe utaanza habari za chembe. Twende."

Ofisini hakungoja kukaribishwa kiti. Alikitandaza kitambaa mezani, juu ya zile takwimu nzuri.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Anapima hewa. Na hewa yenyewe ndiyo hii."