Mzee Rubeni, Bingwa wa Fimbo

Wananchi wote wa Busawe, wa jembe na wa ng'ombe, mliookoka na mnaosubiri kwanza mvune, mnatangaziwa kwamba Jumapili ijayo baada ya ibada, Mzee wa Kanisa Rubeni Waitara, baba wa watoto sita na bingwa wa mstari wa fimbo, ule wa Biblia usemao asiyemchapa mwanawe hampendi, atafundisha semina ya malezi. Njooni na madaftari. Watoto wabaki nje.

Mchungaji Anold alilisoma tangazo hilo mara tatu, na mara zote tatu Rubeni aliangalia viatu vyake. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Gati, kitindamimba wake wa darasa la sita, abebe sare zake na kuhamia kwa bibi yake ng'ambo ya mto. Alikuwa amechapwa fimbo saba. Kosa lenyewe: ng'ombe waliingia kwenye mihogo ya jirani yeye akiwa anasoma. Anasoma nini? Biblia. Alikuwa anatafuta kifungu cha kumsomea baba yake jioni, maana macho ya Rubeni yalishagoma kuona maandishi madogo. Hilo Rubeni alikuja kulijua baada ya fimbo ya saba.

Tangu hapo jioni hasomewi, na asubuhi anakunywa chai ya rangi. Kijivu, ng'ombe aliyezoea mikono ya Gati, alibana maziwa. Efrazia, mke wa Rubeni, alijaribu kumkamua, akapigwa teke yeye na ndoo.

"Kamkamue mwenyewe," alisema akijifuta samadi. "Si wewe mtaalamu wa malezi?"

Rubeni akachuchumaa. Akapiga mluzi, akabembeleza, akamsifia Kijivu ukoo wake kuanzia nyanya yake aliyekuja kwa mahari. Matone mawili. Hasira ikampanda mpaka utosini, lakini hakumgusa. Ng'ombe wa maziwa hapigwi. Mtoto wa Kikurya analijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo.

Jumamosi akavuka mto kumfuata binti. Akafanya kosa ambalo mwanaume yeyote wa huko angelifanya: alikwenda na fimbo. Wala hakuifikiria. Kutoka nyumbani bila fimbo ni sawa na kutoka bila suruali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchunga nani?" akauliza Bhoke, mama yake, bila kuacha kupepeta ulezi.

Gati akatoka jikoni, akasalimia fimbo. Yaani mdomo ulisema "shikamoo, baba," ila macho yalikuwa kwenye fimbo.

"Turudi nyumbani, mwanangu."

"Ni ileile, baba?"

"Hii ya kutembelea tu."

"Ni ileile."

Rubeni akachemka. Akaanza kuuporomosha mstari wa fimbo kwa sauti ya mimbari. Bhoke akamwacha amalize.

"Na ule wa Paulo, kwamba akina baba msiwachokoze watoto, huwa unaurukaje?"

"Mama, si wewe mwenyewe ulinichapa?"

"Nilikuchapa. Na ng'ombe wako wakala mtama wa watu mpaka ulipooa. Haya, Kijivu akikubania maziwa, unampiga?"

"Kijivu ni ng'ombe, mama!"

"Basi na mtoto apewe heshima ya ng'ombe."

Bhoke akaichukua ile fimbo, akaivunja gotini, akaisukumia chini ya sufuria ya uji. "Kesho tunakuja kanisani. Gati akikuona mikono mitupu, anaondoka na wewe. Akikuona na fimbo nyingine, anarudi huku."

Rubeni alirudi mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Njiani watu watatu walimuuliza nani amefariki.

Jumapili kanisa likafurika. Mchungaji Anold, mpenzi wa semina zenye vielelezo, alikuwa ameshaandaa fimbo mpya, imepakwa mafuta, imefungwa utepe mwekundu.

"Bingwa wetu! Pokea fimbo hii, utufundishe!"

Makofi. Kalamu juu. Dirishani, kwa kuwa watoto walizuiwa kuingia, Gati alikuwa ameegemeza kidevu. Hakuangalia uso wa baba yake. Aliangalia mikono.

Rubeni akaitumbukiza yote miwili mifukoni.

"Pokea, mzee wetu! Kanisa linasubiri!"

"Kaa nayo, Mchungaji. Mimi kwangu, tangu fimbo ya saba, hakuna maziwa."