Hulka ya Upande wa Baba

Mama wa mchumba wangu alilisema neno lile sebuleni kwetu, mtaa wa Ramadhani, Njombe, mbele ya chai. "Binti ni mzuri," alimwambia mama, "lakini hulka ya upande wa baba yake tunaijua."

Baba alituacha nikiwa mdogo, akahamia Makambako kwa mwanamke mwingine. Mama aliinama, akakoroga chai iliyokwisha kolea sukari. Mimi, niliyekuwa nahama vyumba vya kupanga na kuacha kazi kila nilipochoka, nilijiona nimetajwa.

Wiki ile sikutulia. Nabandika sufuria, naisahau, natoka nje, narudi bila kujua nilifuata nini. Nikamuuliza mchumba wangu, mwalimu wa Kiswahili, "Hulka hasa ni nini?"

"Limetoka Kiarabu, kwenye neno la kuumba. Ni vile mtu alivyoumbwa."

"Kwa hiyo haibadiliki?"

"Tabia ndiyo hubadilika," alisema, kisha akasita. "Ingawa tabia nayo asili yake ni kupiga chapa."

"Basi mimi nimeumbwa, halafu nikapigwa mhuri!"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi nikaenda Makambako. Nilimkuta baba mtaa wa Lyamkena, nje ya nyumba yake, akipiga randa mlango. Nilimwamkia, nikashindwa hata kukaa.

"Baba, ulituacha kwa sababu ndivyo ulivyoumbwa?"

Akaweka randa chini. "Nani kakwambia hivyo?"

"Watu wanasema ni hulka yako. Na yangu."

"Hapana, mwanangu. Nilikaa nikafikiri, nikaamua. Ningeweza kubaki. Usiisingizie damu."

Nilitarajia kupumua, lakini nilipandwa na hasira. Kama angekuwa ameumbwa hivyo, ningemhurumia. Kumbe alichagua. Niliondoka bila kunywa maji, nikazunguka stendi nusu ya mchana, napita magari ya Njombe bila kupanda.

Jioni nilimfuata mama mkwe mtarajiwa nyumbani kwake. "Mama, baba aliondoka kwa hiari yake. Mimi nikibaki, nitabaki kwa hiari yangu."

Alinitazama sana. "Na usipobaki?"

"Nitakuwa nimeamua mimi. Utanilaumu mimi, siyo ukoo."

Alinisogezea kigoda karibu na moto.

Tulifunga ndoa parokiani wakati wa baridi. Baba alikuja, akakaa kiti cha nyuma. Mama hakumtazama. Kuna asubuhi hadi leo nashika begi bila sababu, mume wangu ananiona, ananisubiri niliweke mwenyewe.